Rimu Zilizofunikwa Turubai

Mafundi na kesho ni chanda na pete, hilo halina ubishi. Peleka suruali: kesho. Peleka redio: kesho. Fundi matairi ninayemsema hapa alikuwa na kesho zake kama wenzake, na wateja walishamzoea, wanamtania na kurudi. Kosa lake ni kwamba kesho hiyo hiyo alimpa mtu ambaye hakuwa nazo nyingi, kaka yake tumbo moja.

Kaka mtu, waliyemwita Mshale, alikuwa na gari dogo jekundu la mbio, lenye turbo, alilolinunua likiwa bovu na kulijenga nati kwa nati miaka sita. Halafu saratani ikamwingia kwenye uti wa mgongo. Miguu ikafa kwanza. Daktari aliposema imebaki miezi, Mshale alimwomba mkewe amsukume kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka karakana ya mdogo wake. Akakaa mbele ya ukuta wa rimu asubuhi nzima, anachagua kama mtu anayechagua mchumba.

"Rimu za gari langu, zile inchi kumi na saba, zimenichosha," alisema. "Nipe kumi na tisa. Zile za kijivu, za spoku kumi."

"Ukipanda inchi mbili, kaka, lazima ubavu wa tairi upungue. La sivyo litasugua madigadi, na spidi mita itakudanganya."

"Unanifundisha mimi, wewe niliyekufundisha kushika spana? Weka tairi za ubavu mwembamba kabisa."

"Utasikia kila kokoto."

"Ndicho ninachotaka. Miguu haisikii kitu, mdogo wangu. Umebaki mgongo, basi niisikie barabara kwa mgongo. Nizungushe mara moja tu, mwendo wa kweli, roho yangu itulie."

Fundi aliagiza tairi, zikafika siku ya tatu. Akazivisha kwenye rimu, akajaza upepo, akabalansi zote nne. Jioni hiyo alikwenda hospitali kumchukulia kaka yake dawa, na daktari akamwambia mifupa ya mgongo ule imekuwa kama biskuti, mtikisiko mmoja mbaya utaivunja. Maskini, alirudi akitembea kama mlevi. Akazisukuma rimu stoo, akazifunika turubai.

Ndipo kesho zikaanza. Kesho, kaka, mzigo umekwama njiani. Kesho, wameleta tairi za inchi kumi na nane na sisi tunataka kumi na tisa. Mshale alikuwa akicheka na kusema, "Sawa, fundi." Siku moja aliletwa na mkewe karakana kupunga upepo, akaomba maji ya kunywa. Fundi aliporudi na glasi alikuta kiti kimegeuzwa kuelekea mlango wa stoo. Mshale akapokea maji, akaanza habari za mpira.

Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, kitandani, macho yakitazama dari. Mgongo haukuvunjika. Ulizikwa mzima, kama daktari alivyotaka.

Wiki ya pili shemeji yake, mjane wa Mshale, alifika karakana na ufunguo wa gari.

"Kaka yako alisema gari ni lako, shemeji. Ulivishe zile zilizo chini ya turubai."

Fundi alinywea. Alitafuta pa kukaa, akakalia tairi kuukuu. "Alijua?"

"Tangu siku ile ya maji. Alifunua pembe moja, akazishika shika, akafunika tena. Alifurahi siku nzima."

"Mbona hakusema? Ningezifunga saa ile ile."

"Nilimwambia akuombe. Akasema, 'Namjua mdogo wangu. Atafunga, halafu atanitembeza mwendo wa kinyonga, na kila shimo ataniomba samahani. Mwache na kesho yake, inamsaidia yeye.'"

Fundi alilia mbele ya shemeji yake bila haya, mikono yake ya grisi usoni. Mama wa watu alimngoja anyamaze, akaweka ufunguo juu ya mashine ya kubalansi, akaenda zake.

Fundi akalifuata gari nyumbani kwa kaka yake, akalileta karakana, akaliinua kwa jeki. Nati tano kila gurudumu, akazikaza kwa zamu kama alivyofundishwa. Rimu zilikaa barabara; hakuna kilichosugua popote. Mshale alichagua vizuri, na hapakuwa na wa kumwambia hivyo. Fundi akaketi nyuma ya usukani, akafunga mkanda. Kisha akanyoosha mkono, akaufunga na ule wa kiti cha pili, ambacho hakikuwa na mtu.

Aliingia barabara kuu, akakanyaga mafuta. Kila kokoto lilipanda mpaka kwenye uti wa mgongo wake, kweli kabisa. Mbele palikuwa na shimo, akachelewa kulikwepa, gari likapiga chini kwa kishindo.

"Samahani, kaka," alisema.