Tundu la Nne

Wamae hakuwa na cheti. Hakuwa na duka, hakuwa na umeme, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na tai, wala hakuwa na jamaa hata mmoja wa kumpigia simu Nairobi. Hadi alipofika miaka hamsini hakuwa na herufi moja kichwani. Nayataja haya mapema kwa sababu waliomdharau waliyataja kila siku, na hawakujua kingine cha kusema.

Alichokuwa nacho ni breki.

Karatina ina mteremko wa kuelekea mto Ragati, na mkokoteni wenye magunia manane ya viazi haumheshimu anayeuvuta. Siku moja ulimsukuma Gicheru hadi ukutani ukamvunja mguu. Wamae, fundi wa baiskeli kutoka Gakindu, alikuwepo sokoni. Wengine walisema pole na kuokota viazi. Yeye aliutazama mkokoteni.

Baada ya miezi mitano aliuleta ukiwa na kitu kipya. Mti wa mbele anaoushika mvutaji ulikuwa unateleza kidogo. Ukiegemea mbele, magurudumu yako huru. Ukirudi nyuma kuzuia mzigo, mti unasukuma vyuma viwili, na vipande vya tairi kuukuu vinabana magurudumu. Hakuna cha kukumbuka. Hofu yenyewe inafunga breki. Gicheru, mguu ukiwa umepona vibaya, aliteremka na magunia manane akiimba.

Ndipo akaja Injinia Mathenge, mwenye duka la vyuma Nyeri mjini, ambaye alikuwa na kila kitu nilichotaja hapo juu, pamoja na meno. Alikuwa amekaa Uingereza miezi tisa akarudi na koti zito na sauti ya puani. Uinjinia alijipa mwenyewe ndani ya ndege.

Mathenge alijua jambo ambalo Wamae hakulijua: patenti, yaani hati inayosema kitu hiki ni cha fulani, na mwingine asikiunde bila ruhusa yake. Akiipata yeye, Wamae angehitaji kibali cha Mathenge ili aunde breki ya Wamae. Na sheria ya siku hizo ilitaka hati hiyo ipatikane kwanza London, ndipo Nairobi waiandike kwenye kitabu chao. Bendera ya uhuru ilikuwa imepanda miaka kumi na minne nyuma, lakini breki ya mkokoteni wa Karatina ilikuwa haijaruhusiwa kuzaliwa nyumbani.

Wakili alimwonya Mathenge kwamba wavutaji wote wanamjua fundi, hivyo amtie mzee upande wake. Jumapili moja Mathenge akachinja mbuzi nyumbani kwake Ruring'u, akaalika chifu na wafanyabiashara wenzake, watu wanaocheka kabla mzaha haujaisha. Alikuwepo pia Huseni, mchoraji wa ramani kutoka Majengo, aliyeichora breki kwa ajili ya London.

"Karibu, mzee wangu," Mathenge alisema, akimpapasa Wamae bega kama anayepima mnyama mnadani. "Ni kitu kidogo tu. Weka kidole hapa, halafu tule."

"Imeandikwa nini?"

"Ati nini? Ni ya ushahidi tu. Usijisumbue."

Wakili alikuwa ameagiza karatasi iandikwe kwa Kiswahili, ili mzee asije akasema hakuelewa. Hakuna aliyemwambia wakili kwamba kwa miaka miwili Wamae alikuwa akienda ngumbaru, darasa la watu wazima pale Gakindu, akikaa kwenye dawati la mtoto na magoti yakigusa kidevu. Alivaa miwani yake yenye mkono mmoja, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mimi... Wamae wa Kahiga... ni shahidi... kwamba nilimwona... Injinia Mathenge... akibuni breki hii... kwa mikono yake."

Kisu cha mchoma nyama kilisimama.

"Nani alimfundisha huyu kusoma?" chifu akauliza.

"Serikali," Wamae akajibu. Akaushika mkono wa Mathenge na kuugeuza kiganja juu. "Mikono gani? Hii? Hii haijawahi kukaza hata nati."

"Mzee, heshima tafadhali. Uko kwangu."

Wamae alikuwa tayari anautazama mchoro wa Huseni, uliobanwa nyuma ya karatasi ile. "Injinia, hii tundu ya nne kwenye bamba ni ya nini?"

Mathenge aliinama. Mtu mwenye akili angesema sijui. "Hiyo? Ni ya hewa."

"Chuma inapumua?"

Huseni ndiye aliyecheka kwanza. "Nisamehe, bwana mkubwa. Mimi nilichora nilichopima. Ulinituma Karatina nikaupime mkokoteni wa Gicheru, na tundu lilikuwapo."

"Lilikuwapo," Wamae akasema. "Mvua ilininyeshea nikatoboa mahali pabaya. Haina kazi. Mathenge, umeiba mpaka makosa yangu!"

Sasa wageni walicheka, chifu naye, maana hao huwa upande wa anayecheka. Mathenge akakunja karatasi, shingo imevimba. "Nitaipeleka bila kidole chako. Wakili yangu anarudi Alhamisi, aitume London. Wewe utaandikia London na nini? Na kaa la jikoni?"

Wamae alikata ubavu mmoja akaula amesimama, kwa kuwa mbuzi hakuwa na kosa, kisha akaondoka.

Jumatatu Huseni alifika Gakindu na mchoro mpya wenye matundu matatu. Alisema tu kwamba hapendi kuchora uongo mara mbili. Mwalimu Murugi wa ngumbaru akaiandikia ofisi ya patenti ya London barua kwa Kiingereza, kisha akamsomea mzee kwa Kiswahili: "Kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mtumishi wenu naomba..."

"Ondoa hiyo."

"Mzee, ndivyo barua za ofisi zinavyoanza."

"Za Mathenge. Mimi siombi, mwalimu. Nawaambia. Andika: mimi ndiye niliyeiunda, na hivi ndivyo inavyofanya kazi."

Murugi akaandika upya. Wamae akatia sahihi, herufi tano, kila moja imesimama peke yake kama kigingi.

Jumanne asubuhi alikuwa posta ya Karatina. Karani, dada mmoja aitwaye Saumu, aliipima bahasha na kusoma anwani.

"London! Uko na mtoto huko, mzee?"

"Hapana. Niko na breki."

Alibandika stempu mwenyewe, akalamba gundi toka pembe hadi pembe, akakandamiza kifuniko kwa ngumi. Kisha akaisukuma bahasha kwenye tundu la sanduku na kuusubiri mlio wake chini.