Nyusi ya Mwanawema

Kompyuta ya studio yetu ilikufa wiki mbili kabla ya Idd, wakati ambao kila mtu hapa Wete anataka picha. Ilikuwa imetufaa miaka kumi na minne. Ndani yake mlikuwa na programu ya kurekebishia picha, iliyotiwa na fundi mmoja kutoka Unguja kwa diski ambayo hatukumuuliza ameipata wapi. Ilipokufa kompyuta, na programu ikafa nayo.

Binti yangu Suhaila hakuweka matanga. Ndiye anayeendesha studio siku hizi, ingawa jina lililo juu ya mlango bado ni langu. Alileta laptop yake akaniambia mambo yamebadilika, siku hizi programu haitiwi ndani ya mashine. Unaingia mtandaoni, unapandisha picha, unairekebisha hukohuko, kisha unaishusha ikiwa tayari.

"Zimo tele, baba. Chagua moja tuizoee, iwe ya kazi za kila siku."

"Chagua wewe."

"Nikichagua mie utanung'unika mpaka Idd ya mwakani."

Hapo alisema kweli, nikavuta kiti.

Nilianza kazi hii nikiwa na miaka kumi na tisa, chini ya Mzee Marhoun, Mwenyezi Mungu amrehemu. Zama zile kurekebisha picha ilikuwa kazi ya penseli na kisu. Tulikaa dirishani na negativu, ile filamu inayozaa picha, imeegemezwa kwenye kioo, lenzi jichoni, pumzi tumeizuia. Pale ambapo uso ulitoka na kivuli kisichotakiwa, unatia penseli. Pale palipotoka na weupe usiotakiwa, unakwangua kwa ncha ya kisu, kidogo kidogo, mpaka weupe uondoke. Penseli ukikosea unaifuta. Kisu ukikosea, basi tena, kilichokwanguliwa hakirudi. Nasema bila haya kwamba kwa kisu sikuwa na mwenzangu Pemba nzima. Watu walitoka mpaka Mkoani kuja kuondolewa makovu na mimi.

Ndiyo maana nilikaa mbele ya laptop ya Suhaila kama mkwe aliyeletewa chakula asichokijua. Alinifungulia tovuti tatu. Majina yao ya Kizungu yalinishinda, nikawapa ya kwetu.

Wa kwanza nilimwita Kungwi. Huyo ukimpa picha tu, hajakuuliza, kashaipamba. Ngozi inalainika, macho yanang'aa, kidevu kinachongoka. Suhaila alimpenda papo hapo kwa sababu ni mwepesi na wateja vijana wanataka hivyo. Wa pili nilimwita Karani. Kila hatua anataka barua pepe, anataka namba ya siri, anataka uthibitishe kwamba wewe si roboti, na ukimaliza yote hayo anakugongea jina lake katikati ya paji la uso la mteja. Huyo hakumaliza hata asubuhi moja. Wa tatu nilimwita Mkimya. Hana mapambo, mzito kidogo, vitufe vyake vichache. Ila pembeni anaandika kila ulichokifanya, hatua moja baada ya nyengine, na picha uliyompa anaiweka vilevile chini ya kazi yako. Sikumjali sana siku ya kwanza.

Jumanne alikuja Shehe Nyange kwa picha ya safari ya Hijja. Suhaila alimpitisha kwa Kungwi, akachapa, akampa. Shehe aliitazama picha, akaitazama tena, kisha akajigusa paji la uso mahali penye sugu ya sijida.

"Bi Suhaila," akasema taratibu, "alama hino nimeihangaikia miaka arubaini. Mashine yako imeniondolea mara moja tu."

Suhaila aliomba radhi huku amejifunika mdomo kwa mtandio. Mimi nilicheka waziwazi, nikamwambia kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilijiona mshindi. Laiti ningejua kesho yake ingeniletea nini, ningecheka kwa adabu.

Jumatano, baada ya adhuhuri, aliingia mwanamke wa miaka kama arubaini hivi, amekuja kutoka Ole na bahasha aliyoifungia ndani ya mfuko wa nailoni ili isipate unyevu. Alitoa salamu, akasema anaitwa Zulekha, ametumwa na ndugu yake.

"Vuai kajenga nyumba huko Unguja," akasema. "Ataka picha ya mama iwe kubwa, aitundike ukumbini. Lakini ishaingia ukungu. Nkaambiwa kwako, Mzee Hafidh, ndiko ilikopigwa, nyuma kuna muhuri wenu."

Niliigeuza nikauona muhuri wa Mzee Marhoun, aliyeniachia studio hii. Nikaigeuza tena, nikamwona Mwanawema.

Sikuhitaji kuulizia jina. Mwaka themanini na nne alikuja studio na shangazi yake kutoka Msuka, amevaa buibui jipya na kanga imetoka kidogo usoni. Kuna mtu wa Ole aliyekuwa akifanya kazi Maskati alikuwa amempelekea posa, akataka kumwona kwa picha kabla hajarudi. Mzee Marhoun alipokuwa akisogeza taa alimuuliza ile nyusi ya kushoto imepatwa na nini, maana ilikuwa imekatika katikati, mwanya mweupe wa mshazari. Alijibu kwamba aliangushwa na mkarafuu alipokuwa na miaka minane, akaongeza kwamba karafuu zenyewe hakuziachia. Tulicheka wote. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kicheko chake kilikaa na mimi siku nyingi kuliko inavyostahiki kusema mbele ya binti yangu.

Hakuna aliyeniambia niondoe ule mwanya. Si shangazi, si Mzee Marhoun, si yeye mwenyewe. Nilitaka kumpendeza tu, nilitaka ajue kuna kijana hapa anaweza kazi. Nilikaa na kisu mchana kutwa nikakwangua ule weupe unywele kwa unywele, mpaka nyusi ikaungana ikawa moja. Mzee Marhoun aliitazama kwa lenzi akaguna, na kuguna kwake ndiko kulikuwa kusifu. Mwanawema alipokuja kuchukua picha aliishika muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya nyusi yake, ile ya usoni. Akasema, "Ahsante, fundi," akaondoka. Miaka yote hii nimeihesabu ile kuwa ni sifa.

"Baba," Suhaila akanishtua, "nimpe Kungwi?"

Alishapandisha. Ukungu ulikuwa umeondoka kweli, na Mwanawema alikuwa amelainishwa mpaka akafanana na mtangazaji wa televisheni. Zulekha aliinama mbele ya kioo cha laptop akatazama. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Mzee Hafidh, picha huweza kusahau kitu?"

"Kitu gani, mwanangu?"

"Mama alikufa katika uzazi wa Vuai. Mie n'nna miaka saba. Kitu kimoja tu n'nachokumbuka usoni mwake. Akinlaza, mie nkipitisha kidole hapa." Aligusa nyusi yake ya kushoto. "Palikuwa na mwanya. Kidole kikiingia. Lakini picha ndiyo hino moja, na mwanya haupo. Baba hakupenda kumtaja, hata naye akafa. Shangazi aliyetulea alikuwa kaolewa Tanga, hakuwahi kumwona. Wa Msuka wametangulia. Vuai aniambia nimemchanganya na ntu mwengine." Akaukunja mfuko wa nailoni. "Siku hizi na mie nasema labda. Na ikiwa hicho nimekizua, basi sina hata kimoja cha mama."

Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu alikuwa amesimama mbele yangu ameshika mfuko wa nailoni. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Ningesema picha za zamani hazikuwa zikionyesha kila kitu, angekubali, angeondoka na picha safi, na jina langu lingebaki juu ya mlango kama lilivyo. Nakiri kwamba niliifikiria njia hiyo, na si kwa muda mfupi.

Nikamwambia Suhaila, "Mtoe Kungwi. Ifungue kwa Mkimya."

Nikamwomba Zulekha afumbe macho aguse nyusi yake pale ulipokuwa mwanya wa mama. Aligusa bila kusita, akachora mstari mfupi wa mshazari, kutoka juu kuelekea sikioni. Nikaenda chumba cha nyuma. Negativu zetu zote nimezitia katika mikebe ya biskuti, kila mwaka na mkebe wake, na Suhaila amenisihi mara nyingi nizitupe. Mkebe wa themanini na nne ulikuwa chini kabisa. Niliitafuta mpaka jasho likanitoka, nikaipata, nikarudi nikamwita Zulekha dirishani na kumpa lenzi.

"Tazama juu ya jicho. Unaona mikwaruzo midogo, imepangana kama nywele? Hiyo si nyusi. Hicho ni kisu changu. Mwanya ulikuwa hapo, wa mshazari, kama ulivyouchora. Mama yako aliangushwa na mkarafuu alipokuwa mdogo. Mimi niliuondoa, na hakuna aliyeniomba. Nisamehe, mwanangu."

Alitazama muda mrefu. Mimi niliona aibu mbele yao wote wawili, aibu nzito ya mtu mzima.

"Miaka thalathini naambiwa nazua," Zulekha akasema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Hata mie nshaanza kujiambia. Kumbe upo ndani ya mkebe."

Akanirudishia lenzi, akaenda akaketi mbele ya laptop. "Basi urudishe," akasema.

Niliurudisha. Mkono wangu umezoea kisu, si kipanya cha kompyuta. Kila nilipokosea, Mkimya alinirudisha nyuma hatua moja bila kunisimanga. Zulekha alikaa karibu akiwa amefumba macho nusu, kidole juu ya nyusi yake, akiniongoza. "Mwembamba zaidi. Shusha kidogo. Hapo palikuwa papana." Nilidhani nimeukariri uso ule, lakini yeye aliujua kwa kidole, na kidole kilinishinda. Ilipofika saa kumi alifumbua macho, akatazama, akasema, "Ee." Kisha akalia, na Suhaila akaenda kumshika mabega.

Alipotulia aliipiga picha kwa simu akampelekea Vuai, na akamwelezea yote kwa ujumbe wa sauti, mkarafuu, kisu, mkebe. Jibu lilikuja kabla simu haijatoka mkononi mwake. Zulekha aliliweka hadharani tulisikie.

"Dada, nimekusikia, na nakuamini, na unisamehe kwa yote niliyokuwa nikikwambia. Lakini yuno siye. Mie sikumwona mama, nimeiona picha. Toka n'na akili zangu nkilala nkiamka ndiye yule, mwenye nyusi nzima. Ndiye nliyemwambia siku n'lipofaulu, ndiye nliyemwambia siku n'lipooa. Mkintia mwengine ukumbini ntakuwa sinaye tena."

Nilidhani Zulekha atakasirika. Baada ya miaka yote ile, alikuwa na haki. Alizungusha simu mkononi mara mbili tatu.

"Mzee Hafidh, ile ya mwanzo unayo, au ishapotea?"

"Ipo. Huyu haipotezi. Iko chini ya hii."

"Basi ntolee ukungu tu, uiwache na nyusi yake. Kubwa, ya ukumbini." Akafunga mtandio wake vizuri. "Usimnyang'anye mama yake. Mie yangu nichapie ndogo, ya kuweka mkobani."

Tulichapa zote mbili. Kubwa tuliikunja ndani ya bomba la karatasi. Ndogo hakuitia ndani ya bahasha. Alitoka nayo mkononi, na nilimwona kupitia kioo cha mlango akisimama kivulini, akapitisha kidole juu yake mara moja, taratibu, kisha akaendelea kwenda stendi.

Suhaila alikuwa akiniangalia. Nilingoja aniulize lile ambalo angeweza kuniuliza kuhusu Mwanawema, lakini aliuliza jengine. "Kwa hivyo tunakwenda na Mkimya?"

"Tunakwenda na Mkimya. Na kesho Shehe Nyange aitwe, arudishiwe sugu yake."

"Mzito, baba. Na Idd hii hapa."

"Watangoja. Sisi tulikuwa tukiwangojesha wiki."

Alicheka, akainuka kwenda kufungua boksi jipya la karatasi, akawa anahangaika na utepe kwa kucha. Kile kisu bado nilikuwa nacho kwenye droo yangu, kimefungwa ndani ya kitambaa, na kila mwaka nilikuwa nikikinoa bila sababu. Nilikitoa nikampa akatie utepe. Nikamwambia kikae hapo hapo mezani, kiwe cha kufungulia maboksi.