Kura Thelathini na Moja za Anwani Moja

Sikatai, mimi ni mwepesi wa hasira. Lakini barua ile ingelikasirisha hata sanamu langu la kuvalishia nguo, ambalo halina kichwa.

Iliandikwa na afisa ugavi wa hospitali. Wauguzi walikuwa wameonyeshwa sampuli za sare za mafundi wawili, mimi na jirani wa mtaa wa pili, wakaambiwa wapige kura ya siri kwenye simu kuchagua nani awashonee. Nilipata kura thelathini na tatu, mwenzangu kumi na tano. Sasa barua ikasema thelathini na moja kati ya zangu zimetoka kwenye anwani moja ya IP, yaani mtu mmoja alikaa mahali akabonyeza mpaka kidole kikaota sugu. Zimefutwa. Kama nina utetezi, nifike Ijumaa saa nne.

Kazi ile niliitaka sana. Miaka kumi na sita nimekuwa nikikunja mapindo na kubadilisha zipu za watu. Sare za hospitali nzima zingetuweka kwenye cherehani mwaka mzima, mimi na wasichana wangu wawili. Badala yake nimeitwa mwizi, tena kwa barua yenye muhuri.

Nikampigia simu mpwa wangu, binti wa kaka yangu, anayefunga intaneti maofisini. Tunamwita Nyaya kwa sababu ya mkoba wake uliojaa nyaya. Akaja, akasoma barua, akacheka. Nikamwambia asinichekee, akaendelea kucheka.

"Shangazi, hao wauguzi walipigia kura wapi?"

"Hapa hapa. Walikuwa wanakuja kujaribu sampuli na kupimwa."

"Kwa intaneti ya nani?"

Nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, yenye neno la siri la intaneti ya duka. Hiyo ndiyo mbinu yangu. Mteja asiye na la kufanya hatulii. Unampima pindo, anageuka huku na huku kama kuku aliyeona mwewe, pini inamchoma, lawama kwangu. Mpe intaneti ya bure, atasimama kimya mpaka umalize. Kiungo cha kura kilikuwa kwenye kundi lao la simu, basi wakawa wanasimama na kubonyeza.

"Anwani ya IP si ya mtu," Nyaya akasema. "Simu zote humu zinapitia kile kiboksi chenye taa, na huko nje inaonekana namba ya kiboksi tu. Ni kama sanduku la posta la familia. Barua ya baba, ya mama, ya shemeji, namba ni ile ile. Wataona kampuni inayokuuzia intaneti, na kwa kukisia, mji uliopo. Nani alishika simu, hawaoni."

"Basi nimepona."

"Hujapona. Hilo neno la siri liko kwenye kioo tangu lini?"

"Tangu nifungiwe intaneti."

"Miaka minne. Mpita njia akimtukana mtu mtandaoni kupitia kiboksi chako, atatafutwa nani?"

Nikamwonyesha kiboksi kilipo. Akabadilisha neno la siri, akawatengea wateja njia yao, na kompyuta ya duka, yenye picha na namba za watu, akaipa njia yake peke yake. Karatasi akaichana.

Ijumaa tukaenda. Tulimkuta afisa ugavi na muuguzi mkuu, mama mnene wa maneno machache. Nyaya akaeleza habari ya sanduku la posta. Afisa akaitikia kwa kichwa taratibu, akakubali kwamba inawezekana.

"Lakini kuwezekana si ushahidi," akasema. "Una chochote kinachoonyesha hao watu walikuwepo dukani?"

Nilikuwa nacho. Daftari la vipimo lilikuwa mkobani: jina, tarehe na saini ya kila muuguzi. Na mbele ya kila jina, kifua, kiuno, nyonga.

Nikalitoa, nikaliweka mezani, mkono juu yake. Mwanamke akiingia nyuma ya pazia langu ananiachia namba ambazo hata mumewe hajawahi kuambiwa. Sitaki kusema uongo, nilitamani kulifungua. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa chini ya kiganja changu.

"Silifungui," nikasema.

"Funika vipimo. Nionyeshe majina tu."

"Kura ilikuwa ya siri, baba. Nikikupa majina, nimekwambia nani alimchagua nani."

"Basi zitabaki zimefutwa."

Muuguzi mkuu akakohoa. "Mimi nimo humo," akasema. "Nilipiga kura nikiwa juu ya kigoda chake, pini zimenizunguka." Akamgeukia afisa. "Kesho asubuhi watapiga upya, kwa karatasi, kwenye mkutano wa zamu. Nitahesabu mimi."

Nilipata arobaini na sita. Mwenzangu mbili. Nilipouliza hao wengine wametoka wapi, muuguzi mkuu akaniambia habari ya daftari ilishazunguka wodi zote Ijumaa ile ile, kabla ya chai ya jioni.

Wiki iliyofuata afisa ugavi alikuja dukani mwenyewe, akachungulia barabarani, akavuta pazia, akaniomba nimpanulie suruali. Kwa kiasi gani? Muulize yeye.