Barua ya Kukataa Kuandikwa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa lifti mbovu, mahali ambapo kila mkazi wa jengo lile la Berea, Johannesburg, lazima apite akielekea kwenye ngazi. Kuanzia mwezi wa tatu, lilisema, geti la chini litafunguka kwa kidole na kadi. Kila mpangaji alete kitambulisho au kibali, picha, namba ya simu, na majina ya wote wanaolala chumbani mwake pamoja na uthibitisho wa undugu wao. Asiyeandikwa hataingia. Ilikuwa Februari 2018, joto limeshika, na watu wa ghorofa tisa walilisoma wakihema, wakalirudia, kisha wakapanda zao wakilaani chini chini.

Marthe alilisoma mara tatu. Si kwamba Kiingereza kilimshinda. Miaka kumi ya kusuka nywele mtaani Yeoville ilikuwa imemfundisha cha kumtosha kusifia na kugomba. Kilichomkwamisha ni habari ya undugu. Yeye na Gaëlle walikuwa na kibali kimoja cha ukimbizi, watu wawili kwenye karatasi moja, na kilikuwa kinakwisha Aprili. Gaëlle alikuwa mwaka wa matric, yaani wa mwisho wa sekondari, na shule ilikwisha kusema kwamba bila kibali hai hawezi kusajiliwa mtihani wa mwisho. Kwa hiyo mwaka ule Marthe alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, nalo ni kwamba mtu yeyote asiiguse karatasi ile.

Nieleze kwa nini. Gaëlle hakutoka tumboni mwake. Alikuwa mtoto wa dada yake, Héritière, aliyefariki Uvira binti akiwa na miaka sita. Kwao mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Wewe ni mama yake mdogo, na mama mzazi akishaondoka hakuna tena anayejishughulisha na huo udogo. Jengo zima lilimwita Mama Gaëlle. Basi siku walipofika ofisi ya vibali kwa mara ya kwanza, mwaka 2008, na mkalimani akamuuliza huyu ni nani, Marthe alijibu kama ambavyo angejibu popote duniani: "Ni mtoto wangu." Mkalimani akatafsiri, karani akaandika binti wa kuzaa. Hakuna aliyedanganya. Ni miaka mingi baadaye, akiwasikiliza wateja saluni wakisimulia mambo ya mafaili, ndipo Marthe alipong'amua kwamba kwa Kiingereza alikuwa amedanganya, na kwamba kwa uongo wa namna hiyo watu hunyang'anywa vibali. Akafunga mdomo. Wewe ungefanya nini?

Jumapili baada ya ibada wakazi walikutana juu ya paa, kati ya kamba za nguo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Théodore, mtu wa Bukavu, mlinzi wa geti kwenye majumba ya matajiri upande wa kaskazini.

"Mimi niko mlinzi, mageti ninayajua," alisema. "Kule kazini kitabu cha wageni kinalala wazi juu ya meza. Jina, namba ya kitambulisho, simu, gari. Kila mtu anafunua. Kuna wenzangu wanauza namba za wanawake. Sasa hii mashine yao, nani ataichunga? Siku fujo ikianza, mtu akitaka kujua wageni wanalala chumba gani, si atasoma tu?"

Wengi pale juu walikuwa wanaikumbuka 2015, wageni waliposhambuliwa na maduka yao kuporwa. Wengine walikuwa na vibanda Jules Street, kule Malvern, na walishaona jinsi umati unavyojua duka la nani liko wapi hata bila orodha. Wakakubaliana kwa sauti moja kwamba hakuna mtu wa jengo lile atakayetia kidole kwenye mashine. Vyumba sitini na viwili, na siku ile, naapa, vilikuwa kitu kimoja. Marthe alishuka ngazi akiwa na nafuu moyoni, ya kwanza tangu tangazo libandikwe.

Kosa lilizaliwa hapohapo juu ya paa, na simlaumu Placide peke yake. Placide alikuwa karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kule Uvira kwa miaka kumi na minane kabla vita havijamfanya fundi cherehani wa Yeoville. Koti la kazi yake ya zamani hakuwahi kulivua rohoni.

"Kukataa kwa mdomo haiko kukataa," alisema. "Tuandike barua."

Na nani angembishia? Sisi watu wa kule tumelelewa na barua. Barua bila namba ya kumbukumbu ni porojo, bila muhuri ni matusi, na bila majina kamili ya waliotia saini, atakayeipokea ataifungia maandazi. Placide aliipiga chapa kwenye duka la intaneti, kwa Kiingereza cha kamusi. Ukurasa wa kwanza uliwaambia wenye jengo kwa heshima kubwa kwamba wakazi wanakataa katakata kutoa taarifa zao za siri. Kurasa sita zilizofuata zilikuwa jedwali la hao wanaokataa: majina yote, namba ya kibali, namba ya chumba, simu, wategemezi, uhusiano, saini. Chini kabisa akaweka mstari ambao barua ya heshima haiwezi kuukosa, nakala kwa taarifa: diwani wa kata, kituo cha polisi, ofisi ya vibali.

Ukiitazama leo unaweza kucheka mpaka ukalia. Siku ile hakuna aliyeona. Théodore mwenyewe, yule wa kitabu cha wageni, alitia saini ya kwanza, kubwa, yenye mkia.

Placide alipita chumba kwa chumba na kalamu yake. Alipofika kwa Marthe alikalishwa kwenye kiti kizuri, akapewa chai.

"Gaëlle iko wa Héritière, sivyo, Mama Gaëlle?" aliuliza. "Yule aliyekuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Mimi njo niliandika ndoa yake."

Marthe aliketi mkabala naye. Ilikuwa miaka mingi hajalisikia jina lile katika kinywa cha mtu mwingine. Katika jiji zima la Johannesburg hakukuwa na mwingine aliyewahi kuisikia sauti ya dada yake, na huyu hapa ameisikia, amekaa anakunywa chai. Furaha ilimjaa, na furaha haina akili.

"Ndiyo, Papa Placide, ni wa Héritière," alisema, akaendelea. Akasimulia harusi ile, mvua iliyonyesha, viatu alivyoazima bibi harusi vikamfinya mpaka akacheza peku. Placide alicheka huku akiandika. Hakupenda kuandika jambo lisilo sahihi kwenye karatasi ya kwenda serikalini, na kwenye safu ya uhusiano, kwa mwandiko wake mzuri, aliweka mtoto wa dada. Marthe alitia saini akiwa bado anapangusa macho.

Barua ikapelekwa kwa mkono. Placide alirudi na nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa kila mahali, akazionyesha kwenye ngazi, na watu wakampongeza.

Wenye jengo walijibu baada ya wiki moja, kwa adabu. Waliwashukuru wakazi kwa ushirikiano wao, wakasema majina yote yameshaingizwa kwenye mashine kama yalivyoletwa, na kilichobaki ni vidole tu. Geti likafungwa Jumatatu. Siku ya kwanza waliosimama nje kukataa walikuwa themanini, siku ya pili wakabaki kumi na wawili, wengi wao bila watoto. Théodore alivumilia siku tatu akilala kazini, na ya nne akaja na sare yake, akatia kidole bila kumtazama mtu. Marthe alikuwa ametia siku ya pili. Aliogopa mashine isije ikamuuliza la undugu, lakini mashine haikuuliza lolote, na alipopanda ngazi alijiambia kwamba pengine limepita.

Kumbe halikupita. Ofisi ya vibali, ambayo kwa miaka kumi ilimpotezea picha, fomu na mara moja faili zima, barua ya Placide haikuipoteza.

Aprili walikwenda wote wawili, Gaëlle akiwa na sare ya shule ili wakitoka mapema awahi kipindi cha hesabu. Afisa wa dirishani alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la zambarau. Alifungua faili, akasoma, akatoa karatasi yenye jedwali, akaiweka karibu na nyingine.

"Hapa ni binti yako," alisema kwa Kiingereza. "Hapa ni mtoto wa dada yako, na saini ni yako. Ipi ni kweli?"

Marthe alifungua mdomo. Akisema binti, watataka kipimo cha damu. Akisema wa dada, amewahi kuidanganya serikali. Zote mbili zilikuwa kweli, na lugha ya kuzisema pamoja haikuwa ile iliyotumika pale dirishani.

Gaëlle ndiye aliyejibu, kwa Kizulu, lugha aliyoipata uani shuleni.

"Huyu ni mamncane wangu," alisema.

Afisa aliinua uso. Mamncane ni mama mdogo, neno kwa neno. Kwao Wazulu pia mdogo wa mama yako ni mama yako. Alivua miwani na kwa mara ya kwanza akamtazama Marthe vizuri.

"Eish," alisema taratibu. "Mimi pia nimelelewa na mamncane. Mama alifariki nikiwa mdogo. Mpaka leo nikisema naenda kwa mama, ni kwake ninakokwenda."

Marthe alitafsiriwa na Gaëlle, na tumaini lilimpanda ghafla mpaka akatabasamu. Sasa ameonekana. Amepata mtu anayeelewa, tena mwenye kalamu.

Afisa aligeuza kioo cha kompyuta ili Gaëlle asome. Palikuwa na nafasi tatu za kuchagua: mume au mke, mzazi, mtoto wa kuzaa. Hapakuwa na ya nne.

"Nitaandika kwamba mkalimani alikosea, ili mama yako asishtakiwe," alisema. "Hilo naweza. Lakini kwenye faili lake siwezi kukuacha. Uanze lako mwenyewe."

"Lini?"

"Nafasi ya karibu ni Januari."

"Mtihani ni Oktoba," alisema Gaëlle.

"Najua, mwanangu."

Akabonyeza. Karatasi ikatoka, akaigonga muhuri, akampa Marthe. Ilikuwa na jina moja. Kisha akamwelekeza Gaëlle mwisho wa ukumbi, kwenye foleni ya kupewa tarehe, na Marthe akachukua mkoba wake, akainuka amfuate.

"Hapana, mama," afisa alimzuia kwa upole. "Wewe subiri nje. Foleni ile ni ya watoto wasio na mtu."