Mahudhurio ya Mihogo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Mbwana Mwinjuma, mwalimu mkuu mstaafu, alitoa meza yake ndogo nyuma ya nyumba, pale Madale, akaiweka kando ya shamba la mihogo na kufungua daftari la mahudhurio. Kanzu yake ilikuwa imenyooka kwa pasi. Aliita kwa nambari, moja hadi arobaini, na kutoka chini ya tuta sauti ziliitikia kila moja kwa zamu yake. Aliyeitikia aliwekewa alama ya vema kwa wino wa buluu. Aliyenyamaza aliwekewa sifuri kwa wino mwekundu.

Ulikuwa mwezi wa tatu wa mwaka 1994, na umeme ulikuwa wa mgao. Mjukuu wake Raudha, aliyekuwa akisomea shahada ya pili katika kituo cha utafiti, alikuwa amekwisha kupoteza sampuli mara mbili kwa jokofu kuzimika. Alichokitafuta alimweleza babu yake barazani. Ndani ya kila mzizi zimo jeni, yaani maagizo ya urithi. Nyingine husema, nyingine hunyamaza. Huenda muhogo unaooza na muhogo usiooza hutofautiana kwa jeni moja tu, inayosema huku na kunyamaza kule.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kama zinasema, mbona hamziiti?"

Kesho yake akaziita, kwa nambari arobaini za orodha ya Raudha. Mwanzoni ziliitikia "niko", akasimamisha zoezi siku mbili kuzifundisha "nipo".

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Dakta Gibson, mkuu wa mradi, alikuwa amempa Raudha hadi mwisho wa Juni: ama aonyeshe tofauti, ama afungashe vitabu vyake. Naye jirani yao Bi Tabu, aliyekaanga mihogo njia panda ya Tegeta, alikuwa akitupa nusu ya kila gunia. Majani yalikuwa mabichi, ganda safi, lakini ukimenya unakuta michirizi ya kahawia, mikavu kama kizibo cha chupa.

"Mwalimu, hebu ichapeni viboko hiyo mihogo yenu," alimwambia Mzee Mbwana juu ya ua. "Mie mtaji unaishia jalalani."

Mzee alimjibu kwamba hajapata kumchapa mwanafunzi kabla ya kujua kosa lake.

Tuta la kwanza lilikuwa la mbegu ya zamani kutoka Bunju, isiyooza. La pili lilikuwa la mihogo inayooza. Kila umeme uliporudi, Raudha alipiga picha zake maabarani, ambamo kila jeni inayosema huacha doa jeusi, na kila mara picha zililingana na daftari la babu yake: matuta yote mawili yalikuwa na mahudhurio yale yale. Hata kumi na saba, jeni aliyoitegemea kuliko zote, ilisema huku na kule. Mwezi wa tano ulipoingia, Raudha alianza kupanga vitabu kwenye maboksi.

Asubuhi moja Mzee alifika kumi na saba katika tuta la pili, akasikia jibu, na kalamu haikushuka. Aliita tena.

"Nipo, mwalimu."

Akavua miwani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewasikia watoto wakiwaitikia wenzao waliotoroka kwenda kutazama mpira.

"Ishirini na moja," alisema, "nimekuita wewe?"

Akaweka kalamu ya buluu, akashika nyekundu.

"Kumi na saba yuko wapi?"

"Hayupo, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mie namwitikia tu, asionekane hayupo."

"Mimi," alisahihisha Mzee.

"Mimi, mwalimu."

Raudha alipoelezwa hakushangaa, alijikasirikia. Kumi na saba na ishirini na moja zilifanana kama pacha, na kipimo chake kilikuwa kikizinasa zote mbili kwa pamoja. Akatengeneza kipimo kipya, kutoka kipande kile kidogo ambapo pacha hao hawakufanana, akangoja umeme siku tatu. Picha ilitoka na doa jeusi kwa tuta la kwanza. Kwa tuta la pili hapakuwa na kitu. Alirudi Madale mbio, picha mkononi, viatu vimejaa matope.

"Babu, kumi na saba hayupo kweli."

"Nimekwisha kuandika," alisema Mzee Mbwana, lakini alisimama kumpa mkono, jambo alilokuwa akiwafanyia wanafunzi walioshika nafasi ya kwanza tu.

Ripoti ilitoka Agosti ikiwa na jina moja, la Dakta Gibson. Raudha alitajwa ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, na jina lake lilikosewa herufi. Mzee alivaa koti juu ya kanzu, akaenda ofisini. Dakta Gibson alimwamkia kwa adabu, akampa kiti, akamweleza kwamba ndio utaratibu.

"Nauliza tu," alisema Mzee. "Aliyeigundua kumi na saba ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

Sauti ilikuwa ile ile ya ishirini na moja. Mzee Mbwana aliitambua, akaaga, akarudi nyumbani. Ripoti haikubadilishwa.

Raudha alipata shahada yake. Akakata pingili za tuta la kwanza na kuwagawia watu wa Madale, hadi foleni ikafika barabarani. Mwaka wa pili Bi Tabu alimenya magunia matatu bila kutupa hata kipande. Katika orodha ya serikali mbegu ile iliandikwa "Gibson Moja", na hadi leo imeandikwa hivyo. Pale njia panda hakuna anayelijua jina hilo. Bi Tabu hunadi, "Raudha za moto, Raudha nyeupe," na watu hupanga mstari.

Mzee Mbwana hakupendezwa na jina la mjukuu wake kukaangwa na kutiwa pilipili hadharani, na alimwambia Bi Tabu hivyo. Lakini kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akirudi kwa njia ya Tegeta, ambayo si njia yake, akisimama nyuma ya watu wote, mikono mgongoni, mpaka alisikie jina hilo likinadiwa mara tatu.