Mahubiri ya Baba, Upande wa Pili

Mwaka 1989 mama alininyang'anya kaseti ya rapu iliyokuwa ikiwatukana polisi kila mstari. Kuitupa hakuitupa, mama yangu hatupi kitu. Aliziba vitundu vyake vya juu kwa selotepu ili ikubali kurekodi, kisha akarekodi juu yake mahubiri ya baba, mchungaji wetu hapa Compton, mtaa wa Wamarekani Weusi karibu na Los Angeles. Nilinuna mwezi mzima.

Jumapili iliyopita kanisa lilimkumbuka baba, na mama, sasa ana miaka themanini na mbili, akaileta kaseti ile ile. Watu walimsikiliza marehemu huku wakifuta machozi. Baba akasema amina. Kumbe mahubiri yalikuwa mafupi kuliko kaseti: ngoma ikadunda, na kijana mwenye hasira akaanza kuwapa polisi vidonge vyao.

Nikakurupuka kwenda kuzima. Shemasi Cleophus akanidaka mkono, midomo yake ikifuatisha kila neno.

"Shemasi, hata wewe?"

"Jerrell, mimi nililazwa kifudifudi barabarani na polisi kabla sijaota ndevu. Iache!"

Nikageuka. Kwaya nzima, watu wa makamo na vitambi vyao, walikuwa wanaimba. Na mama pia, bila kukosea mstari.

"Mama! Wimbo huu umeujulia wapi?"

"Tuliisikiliza kaseti yako na baba yako kabla sijarekodi," akasema. "Akalia. Akaniambia, 'Huo wimbo wa mwisho usiufute.'"