Haja Ndogo ya Mtu wa Sita

Usiku wa jana niliota nimerudi shuleni, nimevaa joho la mahafali juu ya bukta, na jina la Semeni limetoka tena kwenye orodha ya wanariadha wa kupimwa dawa za kuongeza nguvu.

Nililia kwa wivu. Semeni ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, na kwenye mbio amekuwa mbele yangu siku zote. Sasa hata kushukiwa anashukiwa yeye. Mtu anayemaliza wa sita kila mbio, kama mimi, hashukiwi chochote.

"Nipimeni na mimi," nikamwambia mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa filimbi tupu inayoning'inia hewani.

"Wewe Pili," ikasema filimbi, "jina la pili, miguu ya sita. Tukupime nini?"

"Kanuni inasema mwanamichezo yeyote."

Filimbi ikafikiri. "Haya, nenda chooni."

Naenda. Choo hakina mlango. Mlango wenyewe umeegemea ukuta, unalia.

"Nimesimamishwa kazi," unasema. "Eti nawaficha wanafunzi."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Waambie wewe, dada msomi."

Choo sasa ni uwanja wa paredi. Shule nzima imejipanga. Semeni yuko kwenye mstari wa kuanzia mbio, kanipa mgongo. Kikopo cha plastiki kinanijia, kimejishika kiuno.

"Toa haja ndogo."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Kanuni inataka shahidi. Haikutaja idadi."

Nabana miguu.

"Nani kataka mkojo?" kinafoka. "Nimesema haja. Unataka nini maishani?"

Nainama, nanong'ona, maana Semeni akisikia urafiki wetu umekwisha. "Nataka Semeni aanguke. Nivae medali zake."

"Anataka Semeni aanguke!" kinatangaza kikopo. Shule inaguna. Mabega ya Semeni yanashuka kidogo. "Tena hiyo ni haja kubwa, haienei humu. Ndogo, dada. Ndogo!"

Natafuta ndani yangu, chini kabisa. Mlango unaacha kulia. Unakuja taratibu, unasimama kati yangu na shule yote.

"Akiwa mbele," nasema, "ageuke mara moja tu. Aone kwamba na mimi nakuja."

Kikopo kikajaa hadi ukingoni. Hakikutangaza kitu.

Nikaamka. Simu ilikuwa na ujumbe wa Semeni, ambaye hatujaandikiana naye tangu mahafali: "Shoga, umeamkaje? Mwenzio nimeamka shingo imekakamaa. Imegoma kutazama mbele."